Bwana Lambert na pombe ya kwanza ya Mmeru

Jina la H. E. Lambert si geni kwa mtu wa pwani aliyewahi kujishughulisha na lugha yake. Ndiye yule Mwingereza aliyezisikiliza lahaja za Vumba, Jomvu, Ngare na Chifundi, lahaja ambazo sisi wa mjini Mombasa aghalabu tulizicheka, akaziandikia vitabu vilivyotoka mwaka 1957 na 1958. Ndiye pia aliyekusanya nyimbo za pwani ya kaskazini na nyimbo za ngoma ya beni, nyimbo ambazo bila yeye huenda zingekwenda kaburini pamoja na waimbaji wake. Watu wa lugha wakimtaja humtaja kwa hayo, nao wana haki.

Lakini kabla ya kushuka kwetu na daftari lake, Lambert alikuwa na maisha mengine. Alikuwa Bwana D.C., tena si wa pwani bali wa bara, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, katika nchi za Embu na Meru. Huko hakuletewa vina na mizani. Aliletewa kesi za mashamba, za mahari na za mifugo, na karibu kila kesi aliyojaribu kuifukua hadi mwanzo wake ilimfikisha mahali pamoja: kwenye kibuyu cha pombe kilichopikwa nyumbani kwa mtu fulani, siku fulani, mbele ya wazee fulani. Bila kukielewa kibuyu kile asingeielewa sheria ya watu wale.

Najua neno pombe litamfanya msomaji wangu akunje uso. Nami sikukaa chuoni mbele ya mwalimu miaka yote ile ili nije kuisifu khamri katika gazeti. Hukumu yake tunaijua, haina mjadala. Hata hiyo ya asali, ambayo ndiyo nitakayoieleza, wazee wetu wa elimu waliijua kwa jina: watu wa Yemen walikuwa wakiitengeneza na kuiita bit'i, na Mtume S.A.W. alipoulizwa juu yake alikata shauri kwa kuharimisha kila kinacholevya, kiwe cha asali au cha shayiri. Basi tusiipitie hapa kama wanywaji. Tuipitie kama mtu apitiavyo hati ya zamani iliyoandikwa kwa hati asiyoitumia yeye.

Utawala wa Kiingereza ulifika Embu mwaka 1906 kwa bunduki, na Meru mwaka 1908 pasipo vita kubwa, chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi. Horne na waliomfuata walifanya kama serikali ilivyofanya kila mahali: walitafuta machifu. Palipokuwa hapana chifu, walimtengeneza. Tabu ni kwamba watu wa pande zile hawakuwa na masultani wala machifu wa kurithishana. Walikuwa na rika na mabaraza. Mtu alizaliwa, akatahiriwa pamoja na wenzake, akawa barobaro wa vita, akaoa, kisha akaanza kupanda ngazi za uzee moja baada ya nyingine. Kwa Wameru, juu ya ngazi hizo lilikaa baraza la Njuri Ncheke, baraza la wateule, lenye kuamua mambo ambayo mabaraza ya chini yameshindwa kuyaamua.

Kila daraja ilikuwa na ada yake, kama vile fundi wetu asivyoachia kazi bila ubani, na mwalimu wa chuo asivyomwachia mwanafunzi aliyehitimu bila kilemba. Huko bara kilemba kilikuwa mbuzi, ng'ombe dume, na pombe. Mbuzi waweza kumnunua, hata kumkopa. Pombe ilibidi uipike mwenyewe nyumbani kwako, na hapo ndipo ulipo mlango wa habari yetu.

Katika mila ya zamani ya Embu na Meru kijana hakuwa na pombe. Ilikuwa ya wazee. Barobaro aliyeonekana akiyumba njiani alikuwa aibu kwa baba yake na kwa rika lake. Kwa hiyo mtu alipopika pombe nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, hakuipika kwa ajili ya kiu chake. Aliipika kwa kuwa amefika mahali pa kudai kitu: anataka kuposa, au anataka kukubaliwa miongoni mwa wazee. Pombe ya kwanza ya mtu ilikuwa barua ya maombi. Naye mwombaji, kama ilivyo kwa waombaji wote, husimama kando akitazama nyuso za wale wanaoisoma barua yake.

Nilipopita pande za Mbeere, nchi kavu iliyo chini ya Embu, mzee mmoja alinionyesha mambo ya kazi ile, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameiacha miaka mingi kwa sababu ya kanisa. Aliyahifadhi maarifa kama sisi tunavyohifadhi majina ya majahazi yaliyokwisha kuoza. Kutoka kwake nilijifunza kwamba kazi huanzia mbali sana na chungu, huanzia juu ya mti. Mbeere na Tharaka ni nchi za nyuki. Mizinga ni magogo yaliyotobolewa na kutungikwa katika matawi, na mwanamume alikuwa akijulikana kwa mizinga yake. Asali hiyo ilikuwa mali. Katika mahari ya Wameru kibuyu cha asali kilikaa safu moja na mtamba, ng'ombe dume, kondoo jike na kondoo dume, wala hakikuweza kubadilishwa na kitu kingine hivi hivi.

Asali peke yake haichachi. Msomaji aliye na chupa ya asali kabatini anajua kwamba hukaa miaka isiharibike. Sharti itiwe maji, na yapimwe: yakizidi kinywaji huwa chepesi na hugeuka siki, yakipungua asali hukataa kuamka. Masega huoshwa katika maji hayo, nta ikakamuliwa na kuondolewa, na maji matamu yakamiminwa katika vibuyu vikubwa. Kisha linakuja tunda.

Tunda lenyewe tunalo hata sisi. Ni lile la mwegea, refu na zito kama mtwangio, linaloning'inia kwa kamba yake, ambalo watoto wa pwani hukatazwa kukaa chini yake lisije likawapasua vichwa. Huko linaitwa muratina, na jina hilo limehamia kwenye pombe yenyewe. Hukatwa kwa urefu, likachemshwa, likaanikwa juani mpaka nyama yake yote iishe na kubaki nyuzi tupu, mfano wa dodoki la kuogea. Katika nyuzi hizo ndimo inamokaa hamira, ile chachu isiyoonekana kwa macho inayoigeuza sukari kuwa ulevi. Likitumika hutolewa, likaanikwa tena, likawekwa, na safari nyingine likatumika tena, miaka na miaka.

Lakini tunda jipya halifanyi kazi. Hili ndilo jambo lililonivutia kuliko yote. Tunda lisilopata kutumika halina chachu ndani yake, au inayo kidogo mno. Hutiwa kwanza katika maji ya asali kidogo lizoee, na maji hayo yakichacha humwagwa, hayanywi mtu. Baada ya hapo ndipo linapoanikwa na kuhesabiwa kuwa tunda. Basi fikiri hali ya mtu ambaye hajapata kupika nyumbani kwake. Ana asali, ana maji, ana vibuyu, ana moto, na bado hana pombe. Ama aanze mbali na kumwaga asali yake ya kwanza, ama aende kwa mkubwa mwenye matunda yaliyokwisha kuzoea akaazime. Na kuazima kule ni kukiri. Chachu haikupatikana dukani. Ilitoka nyumba hadi nyumba, na aliyekupa alijua unataka kupika nini na kwa ajili gani kabla kibuyu hakijatiwa maji.

Vibuyu huwekwa karibu na jiko, vikafunikwa, maana chachu hupenda joto na usiku wa Mlima Kenya si wa mchezo. Baada ya siku chache huanza kunong'ona. Mzee wangu alisema kwa namna yake kwamba mpishi wa mara ya kwanza hulala sikio likiwa kwenye kibuyu, akiogopa ukimya kuliko kelele. Ikiharibika, haiwi hasara ya asali tu. Wazee wamekwisha alikwa, na kinywaji kibaya mbele yao huchukuliwa kuwa dalili. Mtu huanza kuulizwa kuna nini nyumbani kwake, amegombana na nani, baba yake aliacha neno gani lisilotimizwa.

Kwa Kimeru pombe hiyo ya asali huitwa uki. Mpenda lugha hawezi kulipita neno hili bila kusimama. Uki wa Meru, nyuki wetu sisi, na uchi wa ndugu zetu Wamijikenda, ambao kwao ni tembo la mnazi, yote ni watoto wa mama mmoja. Hapo kale neno lilishikamana na mdudu na asali yake, kisha kila kabila likaenda nalo kulingana na mti lililoukuta. Bara walikuta mwegea na mizinga, pwani walikuta mnazi, ambao hauhitaji hata tunda la kuazima, kwani tembo lililogemwa asubuhi tamu kama sharubati hujichachia lenyewe kabla ya alasiri. Lambert, aliyeishi bara na pwani na kusikiliza maneno kwa makini, alikuwa na sikio la kusikia mambo kama hayo.

Sasa nirudi kwake. Alitumikia Embu na Meru katika miaka ya 1930, na Meru alirudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuta hali ya kuchanganya. Machifu wa serikali wana kofia na askari, lakini watu wakipatana kweli hawapatani mbele yao. Baadhi ya maofisa waliomtangulia waliitazama Njuri kama chama cha siri cha wachawi na walevi, wazee wanaojificha msituni kula ng'ombe za watu na kunywa. Wengine waliipiga marufuku kwa vitendo hata kama si kwa maandishi. Lambert alifanya jambo ambalo maofisa wachache walikuwa na subira nalo: aliuliza. Aliuliza nani hulipa nini, kwa daraja gani, na anayelipa hupata haki gani. Majibu aliyaandika.

Katika majibu hayo pombe ilikuwa imetapakaa kila mahali, wala si kwa sababu wazee walikuwa walevi. Kwa majirani zao Wakikuyu mpaka wa shamba uliwekwa kwa kupanda maua ya itoka mbele ya wazee, mbuzi akachinjwa na pombe ikanywewa, na miaka thelathini baadaye mtu akibisha, mashahidi walikuwa wale walioinywa. Mahali pasipo karatasi, tumbo la shahidi ndilo kabati la hati. Mtu aliyekunywa pombe ya mapatano hawezi kusimama barazani na kusema hakuwako. Lambert aliyaweka mambo haya ya ardhi katika kitabu chake juu ya umilikaji wa mashamba, kilichotolewa Cape Town mwaka 1950, na yale ya mabaraza na rika katika kitabu kingine cha mwaka 1956. Kabla yake, mwaka 1947, alikuwa ameandika juu ya kutumia wakubwa wa asili katika utawala, na mfano wake ulikuwa Wameru hao hao.

Neno kutumia ndilo la kulisimamia hapo. Sitaki msomaji adhani namsifu mtu huyu bila kipimo. Lambert aliitoa Njuri mafichoni na kuipa heshima, kweli, lakini aliitoa ili ifanye kazi ya serikali. Wazee waliokuwa hawamwogopi mtu isipokuwa laana sasa walitambuliwa na Bwana D.C., na anayetambuliwa na Bwana D.C. aweza kesho asitambuliwe. Na yule mwanamke aliyebeba maji kutoka mtoni, aliyetwanga miwa wakati asali ilipokosekana na pombe ya miwa ikashika nafasi yake, hakupata kiti katika baraza la zamani wala katika lile lililofanyiwa marekebisho. Lambert aliyaona hayo kama yalivyo, akayaandika kama yalivyo, akaenda zake.

Ila kulikuwa na fundo moja ambalo kulifungua kwake kunastahili kukumbukwa na sisi watu tusiokunywa. Mwaka 1912 Wamethodisti walikuwa wamefungua kituo cha Kaaga, karibu na mji wa Meru. Hawa hawakuwa wageni kwetu, kwani walitoka pwani, katika misheni iliyoanzishwa Ribe mwaka 1862, na walipopanda bara walipanda na Kiswahili. Mwaka 1922 Wapresbiteri nao wakakaa Chogoria na daktari wao Clive Irvine. Misheni hizi ziliwakataza waumini wao pombe. Ukibatizwa, umeweka chini kibuyu.

Kwa mtazamo wa msikitini tungesema vyema, wamefanya la haki. Lakini itazame kwa jicho la kijana wa Kimeru aliyesoma. Yeye ndiye anayejua kuandika, ndiye anayeweza kuisoma barua ya serikali na kuijibu. Ana mke, ana watoto, ana shamba. Umri wa uzee unamfikia, na mlango wa uzee umefungwa kwa vitu vitatu asivyoweza kuvigusa: kiapo cha kienyeji, matambiko, na pombe ya kupika nyumbani kwake. Pombe ile ya kwanza hataipika. Kwa hiyo kwa mila yeye ni mtoto, hata akiwa na mvi. Kesi ya shamba lake itaamuliwa na baraza asiloweza kuketi. Na wazee, kwa upande wao, wanaona akili zote mpya za nchi zinakusanyika nje ya ua wao.

Mmoja wa watu hao alikuwa Philip M'Inoti, miongoni mwa Wameru wa mwanzo kabisa kuingia Umethodisti, na baadaye mchungaji. Jina lake lingepasa kujulikana zaidi pwani, kwa sababu kiasi cha mwaka 1930 aliandika mswada juu ya asili ya watu wake na tabia zao, naye hakuuandika kwa Kimeru wala kwa Kiingereza, bali kwa Kiswahili. Aliuita Asili ya Wameru na Tabia Zao. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walioandika juu ya Meru baada yake wamechota humo. Watu wa Meru husimulia kwamba walitoka kisiwani, mahali panapoitwa Mbwaa, walikokuwa wametiwa utumwani na watu wa nguo nyekundu, wakavuka maji yaliyogawanyika usiku mbele ya kiongozi wao. Baadhi ya wanahistoria wamekitafuta kisiwa hicho katika pwani yetu, kwenye Manda. Kama ni hivyo, basi watu wa nguo nyekundu ni jamaa zetu, na katika hadithi ile inayofanana na ya Nabii Musa sisi hatuko upande wa Nabii Musa. Lakini hayo yanataka siku yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Lambert aliwashika mikono wote wawili, wazee na misheni. Aliwashawishi wamisheni kwamba Njuri si jumba la mashetani, na aliwashawishi wazee kwamba Mkristo anaweza kufungwa na neno lake pasipo kiapo cha kienyeji. Waumini wakaruhusiwa kuingia Njuri kwa kuapa kwa namna ya dini yao. Mlango uliokuwa na kufuli moja ukapata ufunguo wa pili. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya Meru, kubwa kuliko ripoti zake zote. Alikuwa ameona kwamba wazee hawakuhitaji kinywaji, walihitaji kufungwa pamoja. Ofisa asiyejua maana ya kibuyu angeamuru kivunjwe, na yule anayependa mno mambo ya kale angeamuru kila mtu anywe.

Njuri ingaliko. Makao yake ni Nchiru, kwenye njia ya kutoka mjini Meru kwenda Maua, njia ambayo wasomaji wangu wengi waijua kwa jina kwa sababu ya zile gunia za miraa zinazotufikia zikiwa bado mbichi. Miraa nayo ina heshima yake kwa wazee wa Igembe na Tigania, na wengi wetu tusioionja pombe hatuna budi kunyamaza kidogo tukifika hapo.

Kilichopotea si baraza. Kilichopotea ni ule mwendo wa polepole wa pombe ya kwanza. Mbeere nilimuuliza mzee wangu juu ya vijana, akatikisa kichwa. Kijana wa leo haazimi tunda kwa mtu. Mwaka 1980 serikali ilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na mwaka 2010 sheria nyingine ikaifuta hiyo na kuruhusu vinywaji hivyo kwa masharti ya viwango na chupa. Walioifuata sheria waliifuata, na wengine walitafuta chupa tu bila viwango. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu nchini walikufa, na wengine walipofuka macho, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Embu ilikuwa miongoni mwa mahali palipopigwa vibaya zaidi. Waliouza na walionunua hawakuhitaji kujuana, na hapakuwa na mzee aliyejua kilichomo kabla ya kifuniko kufunguliwa.

Mtu wa dini atasema tofauti kati ya pombe na pombe haimhusu, na mimi sibishani naye. Nasema tu kwamba pale ambapo pombe ya kwanza ya mtu ilikuwa jambo la kuombwa, kuazimiwa, kungojewa na kutolewa mbele ya wakubwa ambao wangemkataa yeye wakikataa kibuyu chake, haikuwa rahisi kwa muuzaji wa sumu kupata njia ya kupita.

Lambert alipomaliza miaka yake ya utawala hakuiacha nchi moyoni. Aligeukia Kiswahili kwa bidii ile ile aliyokuwa nayo kwa mambo ya Njuri, na nadhani kwa njia ile ile. Kama vile alivyokwenda kwa wazee wa Meru wakati maofisa wenzake walikwenda kwa machifu, ndivyo alivyokwenda kwa watu wa Vumba na Chifundi wakati wenzake wa lugha walikuwa wakibishana juu ya Kiunguja na Kimvita. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilivitoa vitabu vyake vidogo vya lahaja, vikavu kwa sura, lakini ndani yake mna watu wanaozungumza juu ya samaki, mashamba na maneno ya nyumbani. Nyimbo za beni alizichapisha katika jarida la Swahili mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati beni yenyewe ilikuwa imekwisha kupungua nguvu na mabwana wa bendi zake wamekuwa wazee wa kukaa barazani.

Mwenyewe pia alitunga. Hapa watu wa fani hutofautiana, na mimi kwa upande wangu huona shairi lake ni la mtu aliyezijua sheria vizuri kuliko alivyozizaliwa nazo, kama mtu anayevaa kanzu iliyoshonwa sawasawa ila bado anaipapasa mfuko. Lakini alitunga kwa lugha yetu na kwa mizani yetu, jambo ambalo maofisa wengi waliokula chumvi ya pwani miaka mingi kuliko yeye hawakulijaribu.

Alifariki mwaka 1967. Mashairi yake yalikusanywa yakatolewa Nairobi mwaka 1971 na East African Literature Bureau, kwa jina la Diwani ya Lambert.